Sanamu ya Shangazi

Siku Bwana Kioo alipobandika tangazo lake, Pini alilisoma mara tatu, akaondoka, akafika nusu ya njia, akarudi kulisoma mara ya nne ahakikishe maneno hayajabadilika. Yalikuwa yale yale. Moyo ulimwenda mbio hata akasahau kwamba alikuwa ametumwa vitunguu.

Bwana Kioo ndiye mwenye duka kubwa la nguo pale kwenye kona, lile lenye dirisha la kioo kutoka sakafuni hadi darini. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kitambaa cha kufutia mkononi. Mtoto akigusa kioo kwa pua, pua haijaondoka vizuri, Bwana Kioo amekwishafika na kitambaa chake. Ndani ya dirisha zilisimama sanamu tatu za kuvalishia nguo, nyeupe pepepe, shingo ndefu, viuno vya nyigu, vidole vimekunjwa kama vinasubiri kushikishwa glasi.

Tangazo lilisema kwamba kwa miezi mitatu ijayo dirisha hilo atapewa fundi mmoja. Gauni lake litasimama mbele, na jina lake litaandikwa chini kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Anayetaka alete gauni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri. Sanamu za duka zipo, na mwenye yake aje nayo. Kisha likafuata sharti, limepigiwa mstari: gauni litavalishwa sanamu, halafu litavuliwa na kuvalishwa mtu aliye hai mbele ya watu, bila pini wala kibanio, na ni lazima liwakae sawasawa wote wawili.

Sharti hilo lilikuwa na kisa chake. Ukiiona sanamu dukani imevaa gauni likakaa kama limemwagwa juu yake, usihusudu, zunguka nyuma. Utakuta vibanio vya kuanikia nguo, pini, na pengine gazeti limesokomezwa, vyote vinavuta kitambaa ili mbele papendeze. Mteja ananunua mbele, akifika nyumbani ndipo anakutana na nyuma. Bwana Kioo alikuwa amechoka kurudishiwa magauni na wanawake waliokasirika.

Pini alilitaka dirisha lile, wala hakuona haya kulitaka. Kwa miaka kumi alikuwa akishona kwenye chumba kilicho nyuma ya kibanda cha mchonga funguo, chumba ambacho mteja mnene hukifikia kwa kupita upande upande. Hakikuwa na kibao wala dirisha. Jina lenyewe la Pini alilipata kwa sababu ya kuongea huku pini zimemjaa mdomoni, na wateja wake walikuwa wameshaizoea lugha hiyo ya kubana midomo. Walimpenda. Ila walimpenda kwa siri, kama watu wanavyopenda kichochoro cha mkato, na Pini alikuwa amechoka kuwa kichochoro.

Fundi Tai naye alilitaka. Huyu alikuwa na duka linalotazama barabara, na hakupiga cherehani bila kufunga tai shingoni, hata jua liwe kali namna gani. Kushona alijua, tusimsingizie. Tena alikuwa na binti ambaye Mungu alimuumba kwa vipimo vya sanamu za Bwana Kioo, kana kwamba yeye na sanamu hizo walitoka kiwanda kimoja. Kwa hiyo yeye hakuwa na la kuhangaikia.

"Dada," alimwambia Pini walipokutana mbele ya tangazo, "wewe utamvalisha nani? Wateja wako wote ni wa akiba."

Akiba ndiyo ilikuwa utani wake wa siku zote. Pini alikuwa na desturi ya kuacha kitambaa kingi ndani ya mshono, inchi moja na nusu kila upande, kwa sababu mwili wa mtu haukai pale ulipoachwa. Mafundi wengine huacha nusu inchi na mabaki wakashonea kofia. Fundi Tai alikuwa akisema Pini anauza magauni mawili kwa bei ya moja, la pili limefichwa ndani.

"Akiba haiozi," Pini alimjibu, kama alivyomjibu siku zote. Akaenda zake, na wazo likamjia palepale barabarani, likamfanya asimame katikati ya watu waliobeba mizigo. Kama mtu hafanani na sanamu, basi sanamu ifanane na mtu!

Mtu mwenyewe alikuwa nyumbani anasubiri vitunguu.

Shangazi ndiye aliyemlea Pini tangu akiwa na miaka minne. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na nusu ya mji ilipokelewa na mikono yake. Alikuwa mwanamke wa kutosha, mabega ya kutosha, kifua cha kutosha, nyonga ambazo ziliingia chumbani baada yake kidogo. Sauti yake ilisikika wodi mbili. Na maneno yake katika chumba cha uzazi yalikuwa yanajulikana kiasi kwamba wanawake waliyafanyia mzaha wakikutana sokoni: "Pumua, mwanangu. Pumua. Hakuna aliyezaa kwa kujibana." Aliyeona haya kuvuliwa, Shangazi alimwambia, mficha uchi hazai.

"Unataka kunifunga kama boksi?" aliuliza Pini alipomweleza.

"Kwa selotepu, Shangazi. Unavaa fulana mbovu, nakuzungushia selotepu kuanzia kwapani hadi nyongani, safu tatu. Halafu naichana kwa nyuma, unatoka, mwili wako unabaki. Naujaza vitambaa. Sanamu yako mwenyewe!"

"Halafu mimi huyu nasimamishwa dirishani kwa Bwana Kioo."

"Wewe na gauni."

Shangazi alijitazama kuanzia kifuani hadi chini. Kisha akasema, "Haya. Lakini nikiwashwa utanikuna."

Wakafunga mlango wa sebule, wakasogeza meza. Shangazi alisimama katikati, mikono ameinyosha pembeni, na Pini akaanza kuzunguka naye, selotepu ikilia kraa, kraa. Alizunguka kama punda wa kinu. Alizungusha chini ya kifua, akabandika vipande vifupi vifupi penye miviringo, akalainisha kwa kiganja. Alikuwa na furaha hata akawa anaimba bila maneno, mdomo umejaa ncha za selotepu badala ya pini.

"Unaendeleaje, Shangazi?"

"Mm."

"Na lile goti linalokuuma?"

"Zuri."

Mtu aliyejibu neno moja moja hivyo alikuwa ni yule yule ambaye akiulizwa saa humsimulia mwulizaji historia ya saa yenyewe. Pini angepaswa kushtuka. Akadhani ni goti tu, akaongeza mwendo.

Ndipo mlango ukagongwa, na Shangazi, kwa mazoea tu, akatamka, "Pita." Akapita msoma mita. Alimwona mama mtu mzima amefungwa selotepu kifua kizima, mikono hewani, na nyuma yake mwanamke ameshika wembe. Kalamu ilimwanguka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "nimwite mtu?"

"Soma mita yako uende," alisema Shangazi kwa meno.

Aliisoma, akaondoka kinyumenyume. Mwezi ule waliandikiwa umeme wa nyumba nne.

Wembe ulipopita mgongoni na gamba likafunguka, Shangazi alitoka humo akakaa kwenye kiti kwa kishindo, akahema kama aliyepanda ngazi za ghorofa nane. Pini wala hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye gamba. Lilisimama lenyewe mezani, na mabega yalikuwa ya Shangazi, mgongo wa Shangazi, hata ule mwinamo wa kushoto wa mtu aliyebeba watoto wa watu kwa upande mmoja maisha yake yote. Pini alicheka kwa sauti. Akalifunga nyuma, akalijaza mabaki ya vitambaa vya miaka kumi, akalichomeka kwenye mti wa ufagio uliosimamishwa ndani ya ndoo ya saruji.

Kesho yake Shangazi alipanda basi kwenda kwa binti wa binamu yake aliyejifungua mapacha. Angerudi Jumamosi yenyewe. Pini hakuwa na wasiwasi hata chembe; mwili ulikuwepo, mwenye mwili wa nini?

Alinunua kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, kizito kidogo, chenye kung'aa pale tu kinapojikunja. Wiki mbili alishona akiwa na haraka ya furaha, anaamka kabla ya jogoo, anakula amesimama. Siku moja tu alisita. Daftari lake lilikuwa na vipimo vya Shangazi vya mwaka uliopita, na daftari lilisema kiuno ni inchi arobaini na nne. Alipoizungushia sanamu futi yake ya kupimia, akapata thelathini na tisa.

Alipima tena. Thelathini na tisa.

Labda selotepu imebana. Labda goti limemkondesha. Daftari ni karatasi, akajiambia, na huu hapa ndio mwili. Akalifunga daftari, akakata kitambaa kwa thelathini na tisa. Hata hivyo mkono una mazoea yake, na mkono wake uliacha inchi moja na nusu kila upande wa mshono, kama siku zote.

Jumamosi ilipofika, barabara ilijaa hadi wauza viatu wakakunja mikeka yao. Fundi Tai alitangulia. Gauni lake lilikuwa jeupe, refu, na lilikaa kwenye sanamu ya duka bila kasoro. Lilipovuliwa na kuvalishwa binti yake nyuma ya pazia, likakaa vilevile. Binti aligeuka, watu wakaona mgongo safi usio na kibanio, wakapiga makofi. Pini alipiga pia, maana kizuri ni kizuri.

Kisha akaifunua yake.

Kwanza watu walinyosha shingo. Halafu mwanamke mmoja mbele akapaza sauti, "Jamani, sanamu ina nyonga!" na kicheko kikalipuka, kicheko cha watu waliokutana na ndugu mahali wasipomtarajia. Walisukumana kusogea kwenye kioo. "Hebu ona mabega!" "Huyo namjua mimi!" "Si mkunga huyo? Wallahi ni mkunga, amenizalisha watatu, mgongo huo siusahau!" Bwana Kioo alifuta alama za pua mara sita kwa dakika moja, kisha akaacha kuhesabu. Gauni la damu ya mzee lilishuka kwenye nyonga za sanamu likatulia. Pini alijisikia kama mtu anayeinuliwa juu juu kwa kwapa.

Shangazi akaja moja kwa moja kutoka kituo cha basi, mkoba begani, mtandio wa safari shingoni, vumbi viatuni. Watu wakampisha kwa vigelegele. Pini alilivua gauni kwenye sanamu, akamshika Shangazi mkono, wakaingia chumba cha kujaribia nguo, ambacho taa yake ilikuwa imeungua tangu wiki iliyopita. Akamvalisha gizani juu ya shimizi. Akavuta zipu.

Zipu ilipanda, ikafika kiunoni, ikagoma.

Akavuta tena. Akashusha, akaanza upya. Ilipofika palepale ikasimama, na kati ya meno ya upande huu na ya upande ule palikuwa na nafasi ya kiganja kizima.

"Shangazi," alisema taratibu, "tumbo hili."

"Limefanyaje?"

"Siku ya selotepu lilikuwa wapi?"

Nje watu walikuwa wanaimba jina la Pini, Pi-ni, Pi-ni.

"Nilikuwa nimelizuia," alisema Shangazi.

"Saa nzima?"

"Nilipumua mara mbili tatu, kwa juu juu." Sauti iliyosikika wodi mbili ilikuwa imekuwa ndogo. "Ulisema dirishani, mwanangu. Mimi nikipita mbele ya dirisha lile hujibana hata kama barabara haina mtu. Tangu ujana wangu. Niliwahi kuingia kuulizia gauni, mwuzaji akanitazama kuanzia chini hadi juu, akaniambia, mama, hilo ni la sanamu. Sikuingia tena. Nikasema basi, kama kweli nakwenda kusimama mle kwa miezi mitatu, nisimame bila tumbo."

Pini alikumbuka picha zote zilizopangwa sebuleni, Shangazi kwenye kila harusi, midomo ameifumba kama mtu aliye chini ya maji. Ilimwuma, na hapo hapo akajikasirikia mwenyewe, maana daftari lilimwambia ukweli naye akalifunga. Kinyozi hajinyoi, ndiyo, ndivyo mkunga alivyosahau maneno yake mwenyewe, lakini yeye Pini je? Fundi gani anaamini selotepu kuliko futi yake?

Dirisha lilikuwa linamponyoka. Miaka kumi mingine ya kupita upande upande.

Kisha vidole vyake, vilivyokuwa bado vimeshika mshono wa ubavuni, vikapapasa kitambaa kilicholala ndani yake. Inchi moja na nusu. Na upande wa pili inchi moja na nusu. Na ubavu ule mwingine vilevile. Akahesabu haraka: mbavu mbili, pande nne, inchi sita. Alihitaji tano!

Alitoka nje ya pazia mbio hata akamgonga Bwana Kioo.

"Sharti linakataza pini na kibanio. Sindano na uzi?"

Bwana Kioo alifikiri. "Sindano sikuikataza."

"Nipe nusu saa. Na cherehani yako ile ya kupunguzia suruali. Na nahitaji mwanga."

"Mwanga uko dirishani tu," alisema Bwana Kioo.

Pini alimtazama Shangazi, aliyekuwa ametoa kichwa nje ya pazia. Uso wa Shangazi ulisema hapana kabla ya mdomo.

"Pale? Mbele ya watu wote hao, gauni limechanika mbavuni?"

"Una shimizi ndani."

"Mtoto wewe huna adabu."

"Mficha uchi hazai, Shangazi," alisema Pini, na Shangazi akaanza kulivua gauni, kwa sababu maneno yalikuwa ya kwake.

Pini alifumua mbavu zote mbili kwa wembe, chap chap, kuanzia kwapani hadi nyongani. Akaligeuza gauni nje ndani, akamvalisha, akapandisha zipu, ambayo sasa ilipanda kama mafuta. Wakapanda dirishani. Umati ulipomwona mkunga amesimama kati ya sanamu nyeupe, amevaa gauni lililogeuzwa, nyuzi zinaning'inia, ulipiga kelele ambazo zilipita hata kwenye kioo. Pini akajaza pini mdomoni, akapiga magoti, akaanza kukamata mshono wa kulia.

Akasita. Alikuwa ameona.

Chini ya mkono wake tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Shangazi alikuwa ametazama mbele, kidevu juu, midomo ameifumba. Alikuwa amejibana tena, mbele ya macho mia mbili. Pini akibana mshono hapo, gauni litakuwa la thelathini na tisa tena, na nusu saa itakuwa imekwenda na maji.

Alizitema pini zote kiganjani. Hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alizungumza akiwa kazini bila kitu mdomoni.

"Pumua, mwanangu," alisema.

Shangazi aliyashusha macho polepole, akamtazama.

"Pumua," alisema Pini. "Hakuna aliyezaa kwa kujibana."

Mwanamke wa mbele, yule aliyezalishwa watatu, aliona midomo yake kupitia kioo. Akaelewa. Nani katika mji ule asingeyaelewa maneno yale? Akayasema na yeye, akamgusa wa pembeni, na wa pembeni akayasema. Sauti haikuingia vizuri, lakini midomo ilionekana, safu kwa safu hadi ng'ambo ya barabara, wanawake aliowashika mikono saa zao ngumu kuliko zote, na vijana wakubwa ambao yeye ndiye mtu wa kwanza kuwagusa duniani. Pumua. Pumua. Pumua.

Shangazi alishusha pumzi.

Aliishusha ndefu, kwa mdomo wazi, kama aliyetua mzigo wa kuni. Mabega yalishuka. Tumbo lilikuja mbele, likalijaza gauni, likalala kwenye kiganja cha Pini, joto, laini. Kioo mbele ya uso wake kikaingia ukungu wa duara kubwa, na nyuma ya ukungu watu wakaruka. Shangazi alianza kucheka, na machozi yakamtoka palepale, hakuyafuta. Pini naye alilia huku anabana mshono, pini baada ya pini, mikono inakwenda haraka kuliko alivyowahi kuiona ikienda.

"Usicheke sana, Shangazi, unatikisa mshono!"

"Si umesema nipumue? Napumua!"

Cherehani ililia dakika kumi na moja. Mshono ulipita ukingoni kabisa mwa kitambaa, robo inchi tu imebaki, na Pini akaurudia mara ya pili usije ukafumuka. Pasi. Gauni likageuzwa upande wake. Zipu ikapanda kutoka chini hadi juu kwa mkupuo mmoja, na Shangazi akageuka akawapa watu mgongo. Haukuwa na pini, wala kibanio, wala gazeti. Wauza viatu walipigisha viatu kwa viatu.

Bwana Kioo alisubiri kelele zipungue. "Limemkaa mama, sikatai," alisema. Alionekana kama anayeomba radhi. "Ila sharti linasema wote wawili. Na hiyo sanamu yako sasa..."

Hakuna aliyekuwa ameliwaza hilo. Sanamu ilisimama pembeni, imejibana milele, tumbo ndani kama siku ile sebuleni. Likivalishwa, gauni lingepwaya inchi tano. Fundi Tai alikohoa kidogo, akatazama viatu vyake.

"Sanamu ni yangu?" aliuliza Pini.

"Ni yako."

Wembe ulipita tumboni mwa sanamu kabla Bwana Kioo hajafumba mdomo. Pini alitazama huku na huku; mabaki yake ya vitambaa yalikuwa nyumbani. Akasokomeza mtandio wa safari wa Shangazi. Akazungusha futi: arobaini na moja. Mlangoni wanawake wakaanza kupitisha mitandio yao juu ya vichwa, mwekundu, wa maua, wa njano. Arobaini na tatu. Bado kidogo. Alinyosha mkono bila kutazama, akanyakua kilichokuwa karibu, akakisukumia ndani. Kilikuwa kitambaa cha Bwana Kioo. Arobaini na nne!

"Nitaifunga na nini? Selotepu sina."

Fundi Tai alisogea. Alikuwa mwekundu wa macho, na baadaye alisema ni vumbi. Alilegeza tai shingoni, akaivua, akamkabidhi. Watu walisukumana kutazama, kwa kuwa wengi walikuwa hawajawahi kuliona koo lake.

"Kumbe ile akiba," alisema, "ina kazi."

Tai ikazunguka tumbo la sanamu, ikakazwa. Shangazi akavaa tena nguo zake za safari, gauni likarudi kwa sanamu, zipu ikapanda. Walisimama ubavu kwa ubavu, mkunga na sanamu ya mkunga, wote wawili tumbo mbele.

Bwana Kioo alitazama kushoto, akatazama kulia. Kisha akatazama dirisha lake, ambalo lilikuwa na ukungu wa pumzi katikati na alama za pua zisizo na idadi, akainua mkono kufuta, akakuta hana kitu mkononi. Akaushusha.

"Niandike jina gani?" aliuliza.

Pini alionyesha mdomo wake kwa kidole. Alikuwa amerudisha pini mdomoni kwa mazoea.

"Andika Pini," alisema Shangazi kwa ile sauti ya wodi mbili. "Herufi kubwa."

Mlango ulipofunguliwa wazi, wanawake waliingia kama maji. Hakuna aliyeuliza bei ya gauni. "Mimi utanifunga lini?" waliuliza, wakijishika viuno. "Na mimi? Na mama yangu?" Pini aliandika nyuma ya tangazo hadi pakajaa.

Walirudi nyumbani saa kumi na moja, Shangazi akiegemea kidogo kwa sababu ya goti. Barabara ile ilikuwa na maduka matatu mengine yenye vioo, na Pini akawa anatazama kwa pembe ya jicho. Dirisha la kwanza wakalipita. La pili wakalipita. Kwenye la tatu Shangazi alisimama, akajitazama kwa mbele, akajitazama kwa ubavu, tumbo limekaa lilipotaka, akalipigapiga mara mbili kama anavyopigwa mtoto acheue.

"Vile vitunguu nilivyokutuma," alisema, "ulinunua au bado?"